Ndege Iliyoruka Sebuleni Kwetu

Binti yangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, anaishi katika mji ulio mbali kiasi kwamba sisi tukiamka, wao ndio kwanza wanazima taa. Mwaka ule alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita, mumewe yuko barabarani na lori lake, na yeye yuko hospitali peke yake kati ya watu wasioweza hata kulitamka jina lake. Safari hii madaktari walimwambia atajifungua kwa upasuaji, siku ya Alhamisi, asubuhi. Akanipigia simu.

"Mama," alisema, "sitaki zawadi, sitaki nguo za mtoto. Nikifumbua macho nataka nikuone wewe tu."

Nikamwambia nitakuja. Nilisema kwa wepisi, kama mtu anayeahidi kupita dukani.

Tiketi aliituma mwenyewe. Viza ikatoka. Pasi ya kusafiria nayo ilikuwepo, ila ilikaa kwa mwanangu wa kwanza ninayeishi naye, ndani ya droo yenye ufunguo. Alisema mimi huweka vitu mahali pazuri, halafu hapo mahali pazuri ndipo panapopotea. Sikumbishia, kwa kuwa ni kweli.

Mwanangu huyu ni mkuu wa kitengo katika idara ya maji. Kazi yake ni kuongoza vikao kuhusu mabomba. Bomba likipasuka mahali, yeye huitisha kikao, na kikao kikimalizika maji nayo huwa yamekwisha. Nyumbani tunamwita Mwenyekiti, naye hakasiriki, maana hajui kwamba ni utani.

Lakini ni mtoto mwema. Nayasema haya mapema ili usije ukamchukia. Kila Jumapili hukaa chini sakafuni na kunikata kucha za miguu, kwa sababu mgongo wangu haunifikishi huko tena, na hajawahi kumwambia mtu yeyote.

Basi wiki moja kabla ya safari, Mwenyekiti aliitisha kikao cha familia. Walikuja watu wawili kutoka nje. Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, ambaye hajastaafu kufundisha. Wa pili alikuwa wifi yangu, dada yao. Wifi hajawahi kupanda ndege, ila amesindikiza watu wengi uwanja wa ndege, kwa hiyo sisi tunamhesabu kuwa mzoefu. Mke wa mwanangu alikuwepo pia. Yeye ni msusi, na saluni yake iko chumba cha mbele, hivyo alikuwa akiingia na kutoka na kitana mkononi.

"Ajenda ni moja," alisema Mwenyekiti. "Umbali."

"Umbali gani?" aliuliza wifi.

"Wa kutoka hapa mpaka kule, Shangazi. Hatuwezi kumruhusu Mama aende mahali tusipojua ni mbali kiasi gani."

"Ni mbali," nikasema. "Kitinda ameshaniambia."

"Mama, subiri, utapewa nafasi."

Wifi alikuwa ameshatoa simu yake. "Hii hapa. Kilomita elfu kumi na mbili na ushee. Kazi imekwisha, tunywe chai."

Shemeji akacheka puani, kicheko alichokuwa akiwacheka wanafunzi. "Dada yangu, dunia ni duara. Simu yako ni bapa."

Akatoa kwenye mfuko wa plastiki tufe lake la dunia, lile alilolichukua shuleni siku ya kuagwa. Tufe hilo liliwahi kuanguka kutoka juu ya kabati, na pale lilipogonga sakafu liliingia ndani, katikati ya bahari. Shemeji akaomba uzi wa kushonea. Akashika ncha moja kwetu, akauvuta uzi mpaka kwa Kitinda, na ulipofika pale penye bonde aliufuatisha bonde, ukazama na kuibuka ng'ambo. Akapima uzi kwa rula.

"Elfu kumi na tano," akatangaza.

"Hilo ni bonde la kuanguka kabatini!" alisema wifi.

"Bahari ina kina," shemeji akamjibu.

"Kwani ndege inapita chini ya maji?"

"Ndiyo maana ulikuwa unafeli tangu utotoni."

"Wewe? Wewe ulikuwa unaiga kwangu!"

Mwenyekiti akagonga meza. Akasema jambo likishindikana kwa hoja huamuliwa kwa kura. Basi wakaupigia kura umbali. Mwanangu na shemeji waliunga mkono elfu kumi na tano. Wifi alipinga. Mkwe wangu hakupiga, maana alikuwa na mteja chini ya draya. Mimi nilikuwa nimeinua mkono kuomba feni ipunguzwe, nikahesabiwa. Kwa hiyo ule mji ukasogea mbali kilomita elfu tatu, kwa kura tatu dhidi ya moja, na sikusikia kwamba mtu yeyote wa huko alitikisika.

Baada ya umbali wakaingia kwenye muda. Hapo hapakuwa na ubishi, kwa kuwa tiketi ilieleza yote: ndege ya kwanza saa sita, kusubiri katika mji wa katikati saa nne, kisha ndege ya pili saa kumi na tatu. Mwanangu alilirudia hilo la kumi na tatu polepole, kama daktari anayesoma majibu.

"Mama ana miaka sabini na minne," alisema. "Nani hapa anaweza kusimama akathibitisha kwamba ataweza kukaa saa kumi na tatu?"

Hakuna aliyesimama. Mimi nilikuwa nimekaa tayari, ila hilo halikuhesabiwa.

"Sisi kazini," akaendelea, "hatufungulii maji bomba jipya kabla ya kulijaribu. Tunalijaza, tunalifunga pande zote, tunaliacha na shinikizo lake kutwa nzima, tunaona kama litavuja. Na Mama tutamjaribu."

"Tutamfunga pande zote?" aliuliza mkwe wangu kutoka mlangoni.

"Tutasafiri naye. Hapahapa. Jumamosi."

Ningeweza kukataa. Lakini kwa umri wangu nimejifunza kwamba mtu mwenye hofu ukimnyima kazi ya kufanya, hofu yake huzidi. Nikasema sawa, alimradi Jumanne, siku ya tiketi, nisafiri.

"Tutategemea matokeo," alisema Mwenyekiti.

Jumamosi wakaniamsha alfajiri. Sebule ilikuwa haitambuliki. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, na viti vya mezani vimepangwa viwiliviwili, safu mbili, vikitazama televisheni iliyozimwa. Madirisha yote yalifungwa, kwa sababu shemeji alisema ndege haifunguliwi madirisha. Mikanda ya suruali ya mwanangu ilifungwa kwenye viti. Mimi nilipewa ule wa harusi yake, wenye ngozi laini.

Mimi na wifi tulikaa mbele, shemeji na Mwenyekiti nyuma yetu. Mwenyekiti alisema yeye ni abiria, lakini pia ni rubani, na vilevile ni mkaguzi. Mkwe wangu ndiye aliyekuwa mhudumu. Ilipotimu saa kumi na moja kamili mwanangu alihesabu kurudi nyuma, akakitikisa kiti changu kwa mikono yote miwili mpaka meno yangu yakagongana.

"Tumeruka," alisema.

"Mbona sioni chochote?" wifi akauliza.

"Ni mawingu, Shangazi."

Saa za mwanzo zilikwenda vizuri. Wifi alisimulia watu wote aliowasindikiza, na nani alilia na nani alijifanya halii. Shemeji alitutangazia nchi tunazopita juu yake, na ilionekana tunazipita zote. Mkwe wangu alileta chai. Kabla hajaniwekea, aliigusa glasi shavuni mwake kuona kama itaniunguza. Halafu alinipenyezea mto mdogo nyuma ya kiuno, ule wa kitanda chake mwenyewe, akaenda zake bila kungoja asante.

Jua lilipopanda, joto nalo likapanda. Sebule ikawa tanuri.

"Fungua hata kidirisha kimoja," wifi aliomba.

"Tukifungua tutanyonywa nje wote," alisema shemeji.

"Afadhali! Na wewe ondoa goti lako mgongoni kwangu."

"Goti langu liko kwenye eneo langu."

"Eneo lako? Tangu baba yetu afariki na kuacha viwanja, wewe ni maeneo tu."

Mwenyekiti akawakumbusha kwamba anayegombana ndani ya ndege hukamatwa akifika. Wifi akasema heri akamatwe, maana huko rumande kuna hewa. Akafungua mkanda, akaenda chooni, akajifungia humo. Tulimsikia anamwaga maji, anaimba. Foleni ikaanzia kwa shemeji. Aligonga, akagonga tena, mwishowe akasimama kwenye korido amebana miguu, profesa mzima wa mabara saba.

Kabla ya mchana simu ya Mwenyekiti ikaita. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka karibu na soko. Akasimama.

"Unakwenda wapi, rubani?" nikamuuliza.

"Mama, ni dharura."

"Tuko juu ya bahari, mwanangu."

Akatazama mlango, akanitazama, akaona aibu. Halafu akapita jikoni taratibu, kana kwamba kutoka ndege kwa mlango wa nyuma hakuhesabiki. Baadaye mkwe wangu alikuja kunichungulia.

"Mama, nahodha karuka. Nikuletee kuku au samaki?"

"Wewe una nini?"

"Nina mayai."

"Basi niletee kuku."

Tulicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha mumewe. Akala na mimi, akanieleza habari za wateja wake, nani nywele zinamkatika kwa mawazo na nani kwa dawa. Ilikuwa zamani sijakaa naye hivyo. Siku zote mmoja wetu huwa ana sufuria jikoni au kichwa cha mtu mkononi.

Mchana wifi alitoka chooni akatangaza kwamba yeye anashukia mji wa katikati. Alipoambiwa kwamba mji wa katikati tulishaupita, akajibu kwamba atatembea. Akalala chumbani kwangu. Shemeji alivumilia kidogo, kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Akaivua soksi na kuitazama kama mtu anayetazama nchi asiyoijua. Akahamia kwenye kochi, "kwa uchunguzi," akakoroma hadi jioni.

Mimi nilibaki kitini. Sikufanya ushujaa wowote. Kwa mtu aliyekesha na watoto wenye homa, aliyepanga foleni za hospitali na za mafuta ya taa, kukaa tu na kuletewa chai ni sikukuu. Nilitembea koridoni kila miguu ilipoanza ganzi, kama daktari alivyoniagiza. Nilisinzia. Nikamfikiria Kitinda alivyokuwa mdogo, alivyokuwa akilala ameshika ncha ya nguo yangu, na mimi ninakaa hapo hadi afungue vidole mwenyewe. Saa kumi na tatu zikaisha ningali namkumbuka.

Saa kumi na mbili jioni Mwenyekiti alirudi, matope hadi magotini. Akatangaza kwamba tumetua salama. Akaamsha wajumbe, na palepale kati ya viti akafungua kikao cha tathmini.

"Naanza na Baba Mdogo."

"Miguu imevimba," alisema shemeji. "Safari ni ndefu mno kwa mzee."

"Shangazi?"

"Shingo haigeuki. Na ile hewa! Bibi wa watu atafia huko juu."

"Na mimi," alisema Mwenyekiti, "pumzi ilinibana saa za mwanzo tu. Kwa hiyo kikao kinaazimia kwamba Mama hawezi. Nitampigia Kitinda, nitamwambia tutamtumia mtoto zawadi nzuri."

Mkwe wangu alikuwa amesimama na sinia. "Jamani," alisema, "mbona aliyekaa ni Mama peke yake?"

"Hilo ni la bahati," alisema shemeji. "Kisayansi halijirudii."

Wenzangu wakaanza kunyanyua viti. Mwanangu akaja kunifungua mkanda. Nikauzuia mkono wake.

"Simama, Mama. Tumefika."

"Wewe umefika," nikamwambia. "Mimi nakwenda kwa Kitinda, na hapa namuona mkwe wangu, namuona shemeji na wifi. Kitinda simuoni. Sijafika."

"Mama, ilikuwa majaribio tu."

"Basi bomba halikuvuja. Lifungulieni maji."

Wifi akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Shemeji akakohoa. Mwanangu aliwatazama wajumbe wake. Mkwe wangu, Mungu ambariki, aliwakumbusha kwamba kuna chai jikoni, akawaswaga wote kama kuku. Tukabaki wawili. Mwenyekiti akakaa kwenye kiti cha pembeni yangu, kile cha wifi, na matope yake.

Kisha akasema, akitazama ile televisheni iliyozimwa, "Siku Baba anafariki nilikuwa kwenye semina. Saa tatu kwa gari, Mama. Saa tatu tu, barabara ya lami, na gari ninalo. Na sikumwahi."

"Najua."

"Sasa wewe ukiugua huko ni saa ishirini na tatu. Nimezipiga hesabu kila namna. Nimetafuta ndege nyingine, nimetafuta njia nyingine. Hazipungui."

Kumbe umbali aliokuwa akiupima ni huo. Wala haukuwa wa kunipeleka mimi, ulikuwa wa yeye kunifikia. Nilimshika mkono, ulikuwa na mchanga wa mitaroni. Ningeweza kumwambia sitaugua, lakini sipendi kumuahidi mtoto kitu kisicho changu.

"Sikuapii kwamba sitakufa," nikasema. "Naweza kufa hapa kitini, wewe uko kikaoni. Ila wewe unajua kuliko sisi sote uchungu wa mtu kutofika. Sasa niambie. Alhamisi Kitinda akifumbua macho akaangaza huku na huku, mimi nimwambie kikao kiliazimia?"

Akafungua ule mkanda wake wa harusi kiunoni mwangu, kwa uangalifu, kama anayefungua nepi ya mtoto mchanga. Akaenda chumbani. Nikasikia ufunguo ukizunguka kwenye droo. Aliporudi akaniwekea pasi mapajani, halafu akapiga magoti na kunivalisha ndala, kwa kuwa ziliteleza chini ya kiti.

"Jumanne nitakupeleka mwenyewe," alisema. "Na nitaomba ukalishwe karibu na choo. Shangazi asiwe na safari siku hiyo."

Ile safari yenyewe sina mengi ya kuisimulia. Ilikuwa ndefu, lakini haikuwa na mwenyekiti. Kijana mmoja asiyenijua alinipandishia mkoba juu, na msichana mhudumu aliniletea blanketi la pili nilipokuwa bado natafuta maneno ya kuliomba. Nilifika Jumatano. Usiku ule nililala chumba kimoja na Kitinda, na asubuhi nilimsindikiza hadi kwenye mlango ambao wageni hawavuki. Alinishika vidole, kisha akaviachia.

Nilikaa kwenye benchi la korido peke yangu, maana mumewe alikuwa barabarani tena na lori lake. Mwanangu alikuwa akipiga simu kila mara, na kila mara nilimjibu kwamba mlango bado umefungwa. Kule nyumbani ilikuwa jioni, na kwa kelele nilizosikia, wote walikuwa sebuleni.

Mlango ukafunguliwa. Wakaniingiza chumba chenye mapazia, Kitinda kalala, uso umempauka, midomo imemkauka. Nikaenda upande ule aliougeuzia kichwa, ili asihangaike kunitafuta. Baada ya muda kope zikacheza. Akanitazama, akanitazama tena, machozi yakamtelemka hadi masikioni, na mimi nikayafuta kwa ncha ya mtandio wangu.

"Mama," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "nani yuko na kaka?"

"Mkewe. Na kikao kizima."

Akataka kucheka, akashika tumbo. Muuguzi akamleta mtoto, msichana, amefungwa vizuri, amekunja uso kama mtu aliyechelewa kuamshwa. Akamlaza kwenye kikapu cha magurudumu kando ya kitanda. Simu ikaita tena. Nikamwambia mwanangu kwamba dada yake amefumbua macho, na mtoto analia vizuri. Nikamsikia akipenga kamasi, na nyuma yake watu wanapiga makofi.

"Mama," alisema alipoweza, akijikaza kurudi kwenye sauti yake ya kazini, "kutoka kitanda cha Kitinda mpaka cha mtoto, ni umbali gani?"

Nilikuwa nimesimama katikati, mkono mmoja kwa binti yangu, wa pili kwa mjukuu.

"Si mbali," nikamwambia. "Nawafikia wote wawili kwa mikono."

Akawatangazia wenzake. Na kutoka sebuleni kwetu, kilomita zote zile, nikamsikia wifi yangu akiuliza: mikono ikiwa imekunjwa au imenyooshwa? Shemeji akaomba uzi.